Mtu wa Nyuma Kwenye Theluji

Siku ya kuondoa matanga ya mume wangu, hapa kwetu Nyamugari, watu walisema mengi juu yake na karibu yote yalikuwa kweli. Walisema alivyoimba besi kanisani, alivyokuwa mpole kwa wafanyakazi wa gesti yetu, alivyoweza kunusa kahawa na kukuambia imetoka kilima gani cha Muyinga. Shemeji yangu mkubwa alishika kipaza sauti akapitia maisha yake yote, tangu shule ya msingi mpaka siku tuliyomzika, na alipofika kwenye mwaka ule wa Japani akasema, "Bon, hapo akaenda kidogo kwa Wajapani, akarudi, akaoa." Watu wakaendelea na brosheti na fanta zao. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, leso mkononi, na badala ya kulia nikataka kucheka. Simlaumu shemeji. Mume wangu Melkiade mwenyewe aliacha kuusimulia mwaka ule zamani sana, kwa sababu kila alipoanza kueleza theluji inayomfika mtu kifuani, watu wa Gitega walimtazama kwa huruma na kumwongezea bia. Mimi sina subira ya namna hiyo. Nimebaki peke yangu na mwaka huo, na nikiuacha hivi hivi utazikwa naye. Kwa hiyo nausimulia.

Tulikuwa tunafanya kazi wote wawili kwenye kituo cha kuoshea kahawa, upande wa Buhinyuza. Mimi niliwapikia wageni waliokuja kununua. Yeye, kijana wa mjini kutoka Gitega, aliwatembeza na kuwaeleza mambo kwa Kifaransa. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha: mgeni akiaga, Melkiade hakubali aende hivi hivi. Gari linaondoka polepole kwenye matope, naye anatembea kando ya dirisha akiongea, mpaka barabara kubwa. Chakula kinapoa, mimi nangoja na sahani. Mmoja wa wageni hao alikuwa Mjapani, mnunuzi wa kahawa, na dada yake alikuwa na nyumba ya wageni kwenye milima ya kaskazini ya nchi yao. Wazungu walikuwa wakifika kule kwa ajili ya theluji. Hawakutaka ile ya viwanja vilivyosawazishwa, ambako mashine humvuta mtu juu. Walitaka ya msituni, nyuma ya milima, ambayo haijakanyagwa na mtu, na huko haendi mtu bila kiongozi. Wengi wao waliongea Kifaransa, na kiongozi aliongea Kijapani tu. Mnunuzi akamtaka Melkiade kwa mwaka mmoja, na mimi nikasaidie jikoni. Tulikuwa tumeshafunga ndoa ya komini, ya serikali. Ya kanisani, ambayo kwetu ndiyo ndoa, ilikuwa bado. "Mwaka moja tu, Konso," aliniambia. "Tunaenda, tunarudi, tunafunga ndoa ku kanisa. Mi nakuapia." Tukaenda Kobero kununua makoti ya mitumba kwa wachuuzi wa mpakani, na langu lilikuwa na karatasi imefungwa kwenye zipu yake, yenye picha ya mlima mweupe. Muuzaji alitaka kuikata, nikamwambia aiache.

Tulifika mwisho wa majira ya baridi, na bado theluji ilikuwa imeziba madirisha ya chini. Nyumba ilikuwa ya mbao nyeusi, ina harufu ya supu, soksi mbichi na mafuta ya taa. Viatu unavivua mlangoni. Kuna malapa ya ukumbini, kuna malapa mengine ya chooni, na ole wako utoke chooni na ya chooni. Mwenye nyumba tulimwita Mama Haruko. Alikuwa amesomea upishi Ufaransa akiwa msichana, kwa hiyo yeye na Melkiade walielewana tangu siku ya kwanza, na mimi, niliyekulia Tanzania na Kifaransa changu cha kuokoteza, nilikuwa nasikia nusu. Usiku wa kwanza akauliza kama sisi ni mume na mke, apate kujua chumba cha kutupa. Mtu yeyote mwenye akili angejibu ndiyo. Karatasi za komini tulikuwa nazo mfukoni. Melkiade akafikiri kidogo, akajibu kwamba kwa serikali ndiyo, kwa Mungu bado. Mama Haruko akainamisha kichwa kwa heshima, akanipeleka juu kwa wanawake wa jikoni na Melkiade akampeleka chini kwa wanaume wa mlimani, na hivyo ndivyo tulivyolala mwaka mzima. Nilimnunia kwa siku kadhaa. Alishangaa kwa nini. "Lakini aliuliza," akasema.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kuwafurahisha wageni. Asubuhi walikwenda mlimani, alasiri walirudi na kuoga kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, halafu walioneshwa mambo ya Kijapani: kukoroga chai ya kijani kwa brashi ya mwanzi, kuvaa kimono, kutwanga wali wa kunata mpaka uwe mkate laini. Kwenye maji ya moto wanawake waliingia pamoja, uchi, wazee kwa vijana. Mimi niliingia na kitenge changu. Mama Haruko alinitazama tu, na siku ya tatu nikakiacha nje kwa sababu kilikuwa kizito na mimi ndiye niliyeonekana kituko. Kutwanga, hata hivyo, hakuna aliyenifundisha. Wageni walipewa nyundo ya mti na kinu, wakapiga ukingo wa kinu, wakapiga hewa, mmoja akakaribia kuvunja vidole vya mpishi aliyekuwa anageuza wali kati ya pigo na pigo. Nikashindwa kuvumilia. Nikaichukua ile nyundo, nikatwanga kama tunavyotwanga muhogo Buhinyuza, na mpishi akageuza akinifuata bila kuniangalia, kwa sababu mtu anayetwanga kwa mapigo sawa huhitaji kumwangalia. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Wako Wazungu wengi nyumbani kwao wana picha ya utamaduni wa Kijapani, na anayetwanga ni mimi.

Kiongozi wa mlimani aliitwa Kudo. Alikuwa mtu mfupi, mzee kwa umri, kijana kwa miguu, uso umeunguzwa na jua la theluji mpaka pale miwani ilipoufunika. Aliongea kidogo na alikula haraka. Alianza kumfundisha Melkiade kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni, kwenye theluji iliyobaki ya mwisho wa msimu, kwenye kilima nyuma ya jiko, na mimi nilitazama dirishani nikiosha vyombo. Melkiade alianguka kama gunia la kahawa linalotupwa kutoka kwenye lori. Aliinuka, akacheka, akaanguka tena. Majira ya joto yalipita tukilima bustani na kupaka rangi vyumba, na theluji iliporudi akaendelea alipoishia. Kupanda, walibandika chini ya zile ski kitambaa chenye manyoya, kinachokwenda mbele lakini hakirudi nyuma. Juu wakakibandua na kuteremka. Melkiade alijifunza kupanda kwanza, kwa sababu mapafu ya vilima vyetu anayo, na kuteremka alikujifunza kwa ubishi. Siku moja aliingia jikoni na barafu kwenye nyusi, akanishika mikono yangu yenye povu. "Konso, iko kama unga ya muhogo. Unaingia ndani yake mpaka hapa, na haikushike. Kelele haiko. Hata moyo yako mwenyewe unausikia." Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule, hata siku ya komini. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikaogopa.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya mtu wa nyuma. Kudo alitangulia, wageni katikati, Melkiade mwisho. Kwenye mteremko Kudo alishuka kwanza peke yake kuujaribu, akasimama chini mahali salama, na wageni wakashuka mmoja mmoja. Mtu wa nyuma alibaki juu mpaka wote wamefika. Kila mtu alifungwa kifuani kifaa kidogo chenye mlio, ili akifukiwa na theluji wenzake waweze kumtafuta, na kila asubuhi nilisikia kutoka jikoni vile vifaa vikilia mlangoni, kimoja baada ya kingine, Kudo akivipima. Kanuni ya mtu wa nyuma ilikuwa moja, na Melkiade aliirudia mbele yangu mara nyingi kwa sauti ya Kudo: nyuma yako hapabaki mtu, na wewe hutoki mahali pako. Ukishindwa kushuka, unasimamisha fimbo zako mbili juu ya kichwa zimepandana, kumwambia aliye chini angoje, na unakaa hapo hapo mpaka apande akufikie.

Katikati ya msimu, mezani, Kudo alisema jambo kwa Mama Haruko huku akinyonya tambi zake. Mama Haruko akalitafsiri. Kudo alikuwa anazeeka na hakuwa na mwanafunzi. Vijana wa kijiji walikwenda mjini. Huyu wa Burundi anaisikia theluji. Msimu ukiisha ataamua kama amchukue, na akimchukua ni miaka, msimu baada ya msimu, mpaka awe kiongozi mwenyewe. Melkiade aliinama mpaka paji la uso likakaribia bakuli. Kesho yake nilimkuta kwenye chumba cha kukaushia, ambako glovu na vitambaa vya manyoya vilining'inia juu ya jiko la mafuta, chumba pekee katika nyumba ile ambapo tuliweza kuongea sisi wawili bila kuonekana hatuna adabu.

"Unataka?" nikamuuliza.

"Donc... mi nataka. Siwezi kukuficha."

"Na kanisa?"

"Tunaweza kufunga hata huku. Iko padri ku mji."

"Mimi nitarudi nyumbani, Melkiade. Hapa wananipenda, chakula kizuri, maji ya moto hayaishi, na mimi nitarudi. Nilishakaa nchi ya watu ujana wangu wote. Sitaki tena kuwa mgeni."

Aligeuza glovu moja iliyokuwa imeshakauka. "Sha, Konso," akasema taratibu, "we unarudi, mi nabaki, hiyo si ndoa." Nikamwambia basi ajue, na aamue. Sikulia mbele yake. Nilikwenda kutwanga, na wageni wa siku hiyo walipiga makofi sana.

Karibu na mwisho wa msimu alikuja mzee mmoja Mzungu, mwalimu mstaafu, tuliyemwita Bwana Morisi. Alimpenda Melkiade kwa sababu walibishana juu ya dini kwa Kifaransa kila jioni bila kugombana. Siku yake ya tatu kundi lilipanda mpaka kwenye mgongo wa mlima. Yaliyotokea huko sikuyaona. Niliyasikia vipande vipande, kutoka kwa wageni ukumbini, kutoka kwa wanawake wa jikoni, na mwisho kutoka kwa Melkiade mwenyewe. Kudo alishuka kwanza. Wageni wakashuka. Wakabaki juu Bwana Morisi na Melkiade, na mzee akasema miguu imekwisha, hatashuka. Atarudi kwa njia waliyopandia mpaka kwenye kibanda cha mbao walichopumzikia, kilikuwa kinaonekana kutoka pale, na atawangoja. Akamwambia Melkiade ashuke tu akamweleze kiongozi. Akageuka, akaanza kwenda.

Msomaji wa kwetu ameshajua kilichotokea. Mgeni hatoki peke yake. Unamsindikiza mpaka mgomba wa mwisho wa shamba, unasema utaishia pale; halafu mpaka njia panda, kwa sababu mazungumzo hayajaisha; halafu unajikuta mlangoni kwake, na mlangoni huwezi kugeuka bila kuingia. Melkiade alisimamisha fimbo zake juu ya kichwa, zimepandana, na chini Kudo akamwona na kutulia kungoja. Halafu akazishusha akamfuata mzee, amfikishe kwenye kona tu. Kwenye kona akamwona anavyoyumba, akaona amfikishe mlangoni. Mlangoni akaona jiko limezimika. Nani anamwacha mgeni kwenye nyumba isiyo na moto? Akawasha jiko. Akachemsha theluji ya chai.

Nje ukungu uliteremka. Kudo alingoja na wageni chini ya miti mikubwa, na ulipopasuka akatazama juu na hakuona mtu. Mtu wa nyuma alikuwa ameonyesha taabu, na sasa hayupo, wala mgeni hayupo. Akawaamuru wageni wasitoke kwenye ile miti, akabandika vitambaa vyake, akapanda peke yake kwa njia ya mkato, upande ule ule aliokuwa amewakataza watu asubuhi kwa hofu ya theluji kukatika. Theluji ikakatika ikamchukua. Haikumfukia, lakini ilimpiga kwenye mti na goti likageuka upande. Wageni walimchimbua miguu kwa majembe yao madogo. Melkiade aliporudi kwenye mgongo wa mlima aliona mteremko umepasuka toka upande mpaka upande, akaamini wote wamefukiwa chini yake. Aliteremka akisikiliza kifaa chake, akiomba kwa Kirundi kwa sauti kubwa, mpaka alipowakuta wamemzunguka Kudo chini ya mti. Kudo uso umemtoka damu, meno yanagongana. Alimuuliza kitu kimoja: "Mgeni yuko wapi?" Melkiade akajibu, kwa Kijapani chake, kwamba yuko kwenye kibanda, anakunywa chai.

Mimi nilikuwa namenya figili wakati simu ilipolia. Nilimwona Mama Haruko akisikiliza na kushika ukingo wa meza, na nikasikia jina la Kudo, halafu jina la Melkiade, na Kijapani changu hakikutosha kujua nani amekufa. Nilisimama na kisu mkononi mpaka waliporudi, Kudo amelala kwenye sleji ya kuburuzwa juu ya theluji, na anayevuta mbele ni Melkiade, na Bwana Morisi anakuja nyuma akitembea mwenyewe, hana hata kikohozi. Kama mzee yule angeanguka kwa moyo njiani, watu wangesema Melkiade alimwokoa, na mambo yangekuwa mengine. Alikuwa mzima kabisa. Jioni alikula wali mara mbili, akanishukuru huku akimsifia mume wangu, na nilimtumikia bila kumtazama.

Waliporudi kutoka kwa daktari, goti limefungwa na msimu wake umekwisha, Kudo alimwita Melkiade chumba cha mikeka. Mama Haruko alikaa kati yao kutafsiri. Mimi niliingia na chai, nikapiga magoti karibu na mlango, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza nikabaki hapo. Wakati huo nilikuwa nimeshaokota Kifaransa cha kutosha. Kudo hakupandisha sauti. Aliuliza kama aliijua kanuni. Melkiade akasema aliijua. Akauliza kwa nini basi. Melkiade akaeleza yote, kona, mlango, jiko. Mama Haruko alipofika kwenye jiko lililozimika alisita kidogo kabla ya kulisema kwa Kijapani, na Kudo akafumba macho.

"Mtu mmoja akipotea," Kudo akasema, "namtafuta mmoja. Mtu wa nyuma akipotea, sijui tena watu wangu wako wapi." Halafu akafumbua macho. "Msimu ujao, mahali pale pale. Mgeni mwingine anageuka anarudi peke yake, mimi niko chini na wengine. Utafanya nini?"

Wote mle ndani tulijua jibu lililotakiwa. Kudo alikuwa amemfungulia mlango, mzee aliyevunjwa goti kwa ajili yake, na alichotakiwa ni kupita tu. Mama Haruko alitafsiri polepole sana, na mwisho akaongeza la kwake: "Fikiri kwanza." Melkiade akafikiri kweli. Nilimwona anafikiri, midomo inacheza. Mimi nilishika sinia kwa mikono miwili, maana neno moja lingembakiza kule na mimi ningerudi Muyinga peke yangu nikiwa mke wa makaratasi.

"Nitamshika mkono nimwombe asiende," akasema. "Akikataa, nitaenda naye."

"Hata kama nakungoja?"

"Hata kama. Nikikuambia nitamwacha aende peke yake, nitakuwa nakudanganya. Siwezi."

Kudo akainama, kadiri goti lilivyomruhusu, na Melkiade akainama chini zaidi. "Basi huwezi kuwa mtu wa nyuma," akasema, na Mama Haruko akatafsiri bila kumtazama yeyote. Hapakuwa na hasira ndani yake, na nadhani hilo ndilo lililoumiza. Kudo akaomba chai, nikammiminia.

Nilifurahi. Sioni haja ya kuipamba. Nilimhurumia mzee wa watu na goti lake, nilimhurumia Melkiade aliyetoka mle ndani akitembea kama anayetafuta malapa yake, na chini ya huruma zote hizo nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa chake. Kwa sababu nilimwelewa hivi: kwetu mtu hakatai waziwazi. Ukitaka kumkatalia mkubwa, unatafuta jibu litakalomfanya akukatalie yeye. Melkiade alikuwa ameona njia ya kurudi nyumbani na mimi bila kumvunjia Kudo heshima, na njia hiyo aliipita kwa adabu zote. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Tulirudi kabla theluji haijayeyuka. Tulifunga ndoa Buhinyuza, wazazi wakala na kunywa, na baadaye tukahamia kwao Gitega na kufungua gesti hii ya Nyamugari, ambako malapa ya chooni yako chooni na mgeni akiondoka anasindikizwa mpaka stendi. Tulikaa vizuri. Tuligombana juu ya watoto na juu ya maji, kama watu. Na nilipomkasirikia sana, niliukumbuka mkeka ule na jibu lile, nikajiambia, huyu alinichagua, na hasira ikapungua. Ilinitosha kwa miaka mingi.

Mwezi wake wa mwisho hospitalini aliongea kidogo, lakini akili ilikuwa safi. Alasiri moja wagonjwa wenzake walikuwa wamelala, jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda, na mimi nilikuwa namkoroga uji upoe. Tuliongea mambo ya zamani, na kwa namna ya mzaha, ya mtu anayeomba kusikia tena kitu anachokijua, nikamuuliza.

"Siku ile ya Kudo. Ungesema tu utakaa mahali pako, ungebaki kule. Ulijibu vile kwa ajili yangu, si ndiyo?"

"Hapana, Konso."

"Hapana vipi?"

"Mi nilitaka kubaki. Nilitaka sana. Nililia kule ku maji ya moto, wanaume wakajifanya hawanioni."

"Na mimi?"

"Ningekuandikia uje."

"Nisingekuja."

"Najua."

"Kwa hiyo ungekaa bila mimi."

Alifumba macho, nikadhani amechoka, nikadhani ataliacha hapo. "Eeh," akasema. "Ningekaa. Lakini aliniuliza, na jibu ilikuwa ile."

Nilisimama nikalinyoosha shuka lake kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Nilikuwa na hasira na mtu anayekufa, na hasira ya namna hiyo huna pa kuipeleka. Ndoa nzima niliijenga juu ya jibu ambalo halikuwa langu. Angeweza kuniachia. Ilikuwa alasiri, mimi na yeye tu, hakuna Kudo, hakuna mgeni, hakuna wa kuumia kwa neno dogo la uongo, na mke wake wa miaka yote hiyo alikuwa ameliomba kwa mdomo wake. Nilitoka mpaka kwenye varanda nikasimama na wauguzi waliokuwa wanaanika mashuka. Nilisimama pale muda mrefu, na kitu kilichonirudisha ndani hakikuwa msamaha. Nilikuwa nimekumbuka mambo mengine yote aliyowahi kuniambia: kwamba chakula changu kina chumvi, kwamba ananipenda, kwamba mtoto wetu wa pili hatapona, kwamba hajutii kuishi na mimi. Yote hayo nayo yalitoka kwenye mdomo ule ule, na nilipoyarudia moja moja sikupata hata moja la kutilia shaka. Nikarudi. Uji ulikuwa umepoa kabisa, nikamnywesha hivyo hivyo, na akanywa wote.